Waya wa Balbaara

Maji yalikuwa juu ya barafu, si chini yake.
Hilo ndilo usiloliona usiku:
mto umeganda hadi sakafuni, ukabanwa,
ukatapika kwenye ufa, maji yakatandaa,
na theluji ikayafunika kama shuka ya mgonjwa.
Tairi la mbele likaingia. Kisha la pili.
Kisha tani kumi na moja za unga, viazi, misumari
na kitanda kimoja cha mtoto, cha mwalimu wa huko juu,
zikaketi.

Mjomba Uybaan hakutukana.
Alisema tu, "Chapati,"
nikakumbuka: ukingoni hatukuutupia mto chochote.
Tulikuwa na haraka,
na ya mwisho nilikuwa nimeila mimi.

Digrii hamsini na moja chini ya sifuri.
Pumzi inatoka kinywani na sauti yake, chwaa,
kama mchele ukimiminwa kwenye ungo.
Injini huizimi. Ukiizima umeiua,
nawe anza kuhesabu saa zako.
Lakini dizeli nayo ina mwisho,
na maji yanaishika ekseli taratibu
kama saruji ya fundi anayelipwa kwa siku.

Tulichonga. Shoka kwanza, kisha mtaimbo,
kisha moto wa petroli kwenye kitovu cha gurudumu.
Tukichonga shubiri, mto unarudisha vidole viwili.
Blanketi langu nikawafunikia watu wa kule viazi vyao,
maana kiazi kikishaganda huwa kitamu kama dawa ya kikohozi,
hata nguruwe hukigeuzia mgongo.

Asubuhi, asubuhi isiyo na jua, tukakata msonobari,
gogo la upana wa lori,
tukalifunga kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma.
Yakizunguka, gogo linavutwa chini ya tumbo,
na lori linalipanda.
"Gia ya kwanza," akasema. "Usiitie hasira."
Nikaachia klachi. Lori likanyanyuka,
likanyanyuka, nikaona nyota zikishuka kwenye kioo,
gogo likavunjika
kama mfupa wa kuku.

Tukakaa.

Saa tano taa mbili zikachomoza bondeni.
Mjomba akazitazama, akageuza uso.
Nami nikaijua ile Kamazi kabla ya mlio wake:
taa ya kushoto ya manjano, ya kulia nyeupe.
Balbaara.
Miaka tisa hawajasemezana,
kisa giaboksi iliyouzwa nzima ikafika imepasuka.
Au ilipasukia njiani. Inategemea unamuuliza nani.

Njia ya barafu ina sheria moja, haijaandikwa:
aliyekwama humpiti.
Hasa kama unamchukia,
kwa sababu kila mtu atajua ulipita.

Akashuka, mfupi, buti za manyoya ya kulungu,
nyusi zimeota chumvi ya baridi. Salamu hakutoa.
Akalizunguka lori, akalipiga tairi teke,
akaniambia mimi:
"Mwambie mjomba wako apunguze upepo."
Mjomba yuko hatua mbili. Nikamwambia.
"Mwambie nimesikia."
Nikamwambia.

Waya wake ulikuwa mnene kama dole gumba.
Ulipokaza, ulianza kuvuma, sauti ya chini, ya nyuki,
na mto mzima ukaitikia chini ya miguu yangu.
Nikafikiri tunazama sote.
Lori likatoka kinyumenyume, likidondosha maji
yaliyoganda kabla ya kugusa chini.

Hakusubiri shukrani.
Alifungua waya upande wake, akauacha kwenye theluji
kama mtu aliyesahau sufuria kwa jirani,
akatafuta pa kuvukia, juu zaidi, akapotea.

Mjomba aliukunja saa nzima, na baridi ile,
duara juu ya duara, mikono ikimtetemeka.
Akauweka nyuma ya kiti chake.
"Itabidi nimrudishie," akasema,
si kwangu, wala si kwa mto.
Halafu akanituma nyuma
nifungue gunia moja la unga.