Visigino

Enoch Garside hakuihamisha kamera.
"Kicheko usikikimbilie," alimwambia babu yangu Seth,
"kitaingia chenyewe, kwa pembeni."
Na kweli: polisi, ngazi, ndoo ya chokaa,
kisha Bibi Ackroyd, mke wa mwokaji mikate,
aliyeapa haanguki,
akaanguka.
Todmorden nzima ikacheka, mvua ikiwapiga.

Vita vilipokuja filamu zikauzwa kwa uzito,
zikayeyushwa, zikawa visigino vya viatu.
Nasikia vilikuwa vikiteleza.

Imebaki moja, sekunde arobaini, mwisho umeliwa:
ngazi imeegemea ukuta, mtu anatazama juu.

Lakini barafu ikiganda kwenye mteremko wa kanisa,
bwana mzima, kofia kichwani, akipepesuka,
mikono ikitafuta hewa ya kushika,
miye, Mungu anisamehe, siendi kumdaka.
Nasimama palepale. Nahesabu moja, mbili,
naangalia pembeni:
ndoo iko wapi?