Sita kwa Kumi na Mbili

Trekta la baba lilifika Mwakirunge kabla yangu.
Rangi yake ya kijivu imesalia kitini tu,
pale makalio yake yalipoificha na jua.
Kwingine kote kutu, na chumvi ya Mombasa
isiyochagua: hula bati, hula kufuli,
hula sarafu mfukoni mwa mtu bahili.

Mvua ya mwaka imeshapiga chafya mara mbili.
Mbegu ziko guniani, zanisikiliza.
Nabonyeza swichi:
kwi... kwi... ki.
Kama mtu aliyekumbushwa deni.

Betri imekufa, hilo halina ubishi.
Ubishi ni huu: ninunue ya volti ngapi?

Shemeji Mwakombo, asiyejua mpini wa jembe,
asema weka kumi na mbili,
dunia nzima sasa ni kumi na mbili,
na ngoja ngoja huumiza matumbo.
Muuza betri wa Mwembe Tayari hakuinua uso:
"Sita? Hizo zilikwenda na wenyewe, mama.
Chukua hii. Ina dhamana."
Kijana wake, akipangusa vumbi kwa fulana,
akaniuliza kama trekta ni la makumbusho.

Nikavuka Makupa hadi Changamwe, kwa Fundi Msellem,
mwenye vidole vilivyoliwa na tindikali
na redio isiyo na mgongo.
Nikamweleza. Akaguna.
Nikamweleza tena.
"Saa yako yasemaje?"
Nikatazama. Mishale yote miwili ilikuwa juu,
imelaliana penye kumi na mbili.
"Saa sita," nikamwambia.
"Haya basi," akasema, akairudia redio yake.

Nilimkasirikia hadi Kiembeni.
Mshale waonyesha kumi na mbili, ulimi wasema sita,
na hakuna aliyekosa adhuhuri kwa sababu hiyo.
Lakini stata si ulimi.
Stata ya sita ukiipa kumi na mbili
itazunguka, naam, kama mtoto aliyelambishwa sukari,
itatwanga meno ya gurudumu la injini,
na koili itaungua polepole
bila kumwambia mtu.
Taa sihesabu. Taa ziliibwa zamani.

Asubuhi ya pili akaja mwenyewe, nyuma ya bodaboda,
amepakata betri kama mtoto wa kutahiriwa.
Ya sita. Sikuuliza alikoitoa.
Hakuifunga. Alishika waya kwanza.
"Nani aliyetia huu?"
Mimi. Mwaka juzi. Waya wa taa za nyumbani,
mwembamba kama uwongo wa kwanza.
"Sita si mnyonge," akasema, "ila yataka njia pana.
Weye wampitisha ndovu mlango wa kuku,
kisha wasema ndovu mvivu."

Tukakwangua.
Kwa msasa, kwa kisu, kwa kucha,
hadi chuma kikakumbuka kuwa cheupe.
Akafunga waya mpya, mnene kama kidole gumba,
akashika ncha ya chanya
akaikaza kwenye mwili wa trekta.
Nikapiga kelele: umekosea!
"Haya ya kale," akasema bila kugeuka,
"chanya yake ndiyo iendayo ardhini."
Sikujibu.
Baba yuko pale, nyuma ya mikorosho,
mwezi wa saba sasa.

Swichi.
Kwi.
Mwakombo akatikisa kichwa.
Kwi.
Pole, pole mno, mtu angeweza kunywa chai katikati.
Kwi.
Kisha kikohozi, kisha moshi wa buluu,
kuku wakaruka ua, bakuli la misumari
likatembea lenyewe juu ya tofali.

Fundi akanena kitu. Sikumsikia.
Alikuwa akigusa kifundo cha mkono wake,
akiniuliza saa.

Mimi nilikuwa nimeshapanda
na kuketi juu ya ile kijivu.