Pale Utepe Ulipoishia

Nilipewa dola kumi na nne za roli mbili za utepe.
Bwana Haskew alizihesabu mara mbili kiganjani mwangu
kama mtu anayemtuma mtoto chumvi kwa jirani
naye anajua njiani kuna mbuzi.

Helena, Arkansas, Agosti ya sitini na nane.
Studio ilikuwa ghala la mbegu za pamba;
vumbi lake halikuisha, liliota hata kwenye maikrofoni,
na Lutrell Baines alipiga chafya kabla ya kila ubeti.
Ukitega sikio bado imo, sekunde ya sita.
Watu wa vitabu wameiita kwikwi ya majonzi.
Ni chafya ile. Ni pamba.

Nyuma ya ukuta palikuwa kwa dobi.
Pasi ya mvuke ya Bi Verlene Tubbs ilishuka, ndi!
ikapumua, ikashuka tena, ndi!
na Pettway, mpiga ngoma, pombe ya jana ingali kichwani,
hakuwa na nguvu za kubishana na mashuka ya hoteli.
Akaifuata pasi. Nasi tukamfuata.
Gitaa la Lutrell likaingia mwisho, limechelewa kidogo,
kama mume anayerudi usiku viatu mkononi.

Nimeshataja viatu. Basi niseme.

Kando ya duka la tepu palikuwa na dirisha,
na dirishani jozi moja, nyekundu, kamba nyeupe.
Dada yangu Ozelle alikuwa na miaka tisa,
shule inafunguliwa Jumanne.
Mwaka uliotangulia alivaa vyangu, vimeshindiliwa magazeti;
akipanda ngazi, habari za vita zilimchungulia kisiginoni.

Nilirudi na roli moja.
Nikasema, imebaki hii tu.
Bwana Haskew akaniangalia
muda mrefu kuliko nilivyoweza kumwangalia.

Lutrell aliimba mara tatu, vibaya.
Mara ya nne akasahau ubeti wa pili,
akaliita jina la mamake badala yake,
akaliita mara saba, gitaa likamjibu,
likamjibu tena, likakataa kunyamaza,
hata amplifaya ikaanza kunuka moto na hakuna aliyeizima.
Mimi nimeketi mashineni, natazama utepe ukikonda
kama kipande cha sabuni. Ningeweza kuinua mkono.
Sikuinua.

Kisha mkia ukachomoka, ukawa unachapa hewa:
chap, chap, chap.
Lutrell hakujua. Alipiga dakika sita zaidi,
na naapa, hizo ndizo zilizokuwa tamu.
Tulizisikia watu watano, na Bi Verlene ukutani.
Nimebaki mimi.

Mengine mnayajua. Vijana fulani wa Birmingham, Uingereza,
waliupiga upya wakanunua majumba.
Umeuza malori, umeuza bia,
umemnadi mgombea ugavana aliyeshindwa.
Lutrell alipata dola arobaini na chupa;
jina lake liliandikwa bila kosa
kwa mara ya kwanza kaburini.

Na mwisho ule, jamani, mkato ule!
Profesa mmoja, mtu wa moyo safi, alinieleza
kuwa ni kisu cha historia,
ni mtu mweusi aliyekatizwa kauli.
Sikumbishia. Huenda ni hivyo pia.
Viwanjani watu elfu sitini hunyamaza kwa pamoja
palepale utepe wangu ulipoishia,
wakangoja pigo moja, halafu wakanguruma.

Ozelle magoti hayamtii siku hizi.
Nilimwambia mwaka alipostaafu; alicheka mpaka akalia,
halafu akanuna wiki nzima.
Jana tulikuwa duka la dawa, redio ikaupiga.
Akanishika mkono. Tukasubiri chafya, tukasubiri pasi.
Kimya kilipoingia, akagonga sakafu kwa kisigino,
mara moja, taratibu.
"Hapo," akasema, "ndipo ninapoingia mimi."

Kisha wakaita namba yetu,
nikaanza kutafuta pesa mfukoni.