Swali la Kumi na Moja

Aliyepiga kura ni kishikwambi, si mimi.
Kaya hii dodoso A, kaya ile dodoso B,
kama mtu anayerusha sarafu gizani.
Profesa alitufunda siku tatu pale Tabora mjini:
msiongeze neno, msipunguze neno,
hata mkikohoa, kohoeni sawasawa kwa wote.
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kisha vumbi la Sikonge, pikipiki, na swali la kumi na moja:

Wanaume wawili wana mizinga sawa, msitu mmoja.
Mmoja kavuna ndoo nne za asali,
mwenziwe kaambulia masega makavu.
Je, ni haki kijiji kichukue ndoo moja ya wa kwanza
kimpe wa pili?

Ndiyo. Hapana. Sijui. Amekataa kujibu.

Dodoso B ni hilohilo,
ila baada ya masega makavu yameingia maneno manne:
kwa sababu ya uvivu.

Maneno manne, na kijiji kinageuka upande
kama mgonjwa kitandani.
Nyumba mbili zimepakana ua wa mabua,
zinaazimana chumvi, zinazikana,
huku ndiyo, kule hapana,
nami najua, wao hawajui,
kwamba kilichowatenganisha ni sarafu.

Jumanne nilimkuta Bi Nyanzala kibandani,
anapanga tumbaku kwa madaraja,
vidole vimenata weusi.
Dodoso A. Akasema ndiyo bila kuinua uso.

Alhamisi mashine ikanirudisha mlangoni kwake.
Orodha ya mtendaji ilimwandika mara mbili,
mara kwa jina la baba, mara kwa jina la mume.
Dodoso B.
Safari hii aliweka jani chini.

"Huyu mvivu ndiye yule wa Jumanne?"

Siruhusiwi kujibu. Nikasoma tena, sauti ileile.

"Jumanne hukuniambia kuwa ni mvivu.
Leo nani kasema? Nyuki?
Au mwenye ndoo nne?"

Nikatazama kioo. Visanduku vinne,
hakuna cha nani kasema.

Akachukua jani lake, akalinusa, akalitupa fungu la mwisho.
"Andika hapana. Kijiji kisichukue.
Kisha andika kwamba ndoo hiyo nitaitoa mimi,
usiku, watu wakishalala."

Nikabonyeza Hapana. Iliyobaki haikuwa na pa kukaa.

Njiani pikipiki ikazimika, nikaisukuma,
na katika kusukuma nikamkumbuka Luhende, kaka yangu,
aliyekuwa akikaa chini katikati ya tuta
na kusema ngoja kwanza.
Tukamwita Ngojakwanza. Mama akampimia ugali kwa jicho.
Miaka sita. Mpaka daktari wa Kitete
akaweka picha ya kifua chake kwenye mwanga
akatuonyesha moyo uliovimba kama embe lililooza.
Sisi hatukuwa na mashine.
Yale maneno manne tulimwekea wenyewe.

Simlaumu profesa. Kazi yake ni safi:
bila sarafu yake nisingejua
kwamba haki yetu ina bawaba,
inafunguka upande inakosukumwa.
Ila yeye anahesabu mlango umefunguka mara ngapi.
Mimi nalala nikiusikia ukigongana.

Usiku nilipanda kichuguu kutafuta mtandao.
Majibu mia mbili na kumi na nane yakaondoka
moja moja, kama watu watokao msibani.
Asubuhi ujumbe kutoka mjini:
kazi nzuri, tofauti ni kubwa, haiwezi kuwa bahati.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
mhojiwa mmoja amejirudia.
Amefutwa.