Zambarau Kugeuka Manjano

Chiromo, saa tatu asubuhi, umeme umerudi.
Napanga neli kumi na mbili
na katika kila moja namimina zambarau,
zambarau nzito, ya joho la askofu.

Rangi hii ina njaa, nawaambia wanafunzi.
Kila chembe yake imepungukiwa elektroni moja,
na mwenye kupungukiwa hakawii kuiba:
humpora jirani, jirani naye akapora,
hata seli ikaota kutu
kama mabati ya nyumba yetu kule Kangemi.

Sasa ipe gome.

Gome limetoka Kariokor, kwa mama yangu,
Nyakio wa meza ya tatu, aliyelifunga kwa gazeti
akanipunguzia shilingi kumi
kwa kuwa mimi ni mwanawe, na kwa kuwa nilisumbua.
Muthiga. Ukiutafuna ulimi unawaka,
halafu koo linafunguka.

Nontobeko, mgeni wetu kutoka kwa Wazulu,
alilinusa tu, akaketi.
"Isibhaha," akasema,
kama mtu aliyeitwa ghafla kwa jina lake la utotoni.
Miti miwili ndugu, nchi ngapi katikati,
na nyanya wawili wasiojuana
walitwanga ukali ule ule kwa kikohozi kile kile.

Nadondosha matone matatu.
Zambarau inasita. Inafifia.
Inakuwa manjano hafifu, kama mkojo wa mtoto.
Gome limetoa elektroni yake
na lenyewe halikugeuka mwizi.
Ndiyo hivyo tu. Ukarimu, uliopimwa kwa mashine.

Jioni Mama akauliza, "Kwa hiyo inatibu?"
"Inageuza rangi, Mama. Neli si mwili wa mtu."
Alicheka hadi akashika meza.
"Miaka mitano ya karo,
uje uniambie maji yamebadilika rangi!"

Nikanyamaza. Kisha nikamwambia lile jingine,
alilonisimulia Nontobeko tukiosha vyombo:
kwao miti ilichunwa pande zote, ikafa imesimama,
na sasa watu wanajifunza kuchemsha majani.

Mama hakucheka.
Aliokota gome moja kutoka kwenye rundo,
akalipima kwa kidole gumba,
jembamba kuliko la mwaka jana,
lile nalo jembamba kuliko la mwaka juzi.
"Na majani, umeyapima?"

Bado.

Leo nimekuta kikapu mlangoni pa maabara,
majani mabichi, umande haujakauka,
na kipande cha gazeti chenye mwandiko wake:
Yapime. Usinidanganye.