Juu ya Jiko la Mama

Mama, leo nimepiga kasia juu ya jiko lako.
Nilikadiria kwa mnara wa kanisa; mnara haupo.
Nikakadiria kwa reli ya zamani, hatua mia nne,
mlango wa kijani, kisha kinu cha kahawa ukutani.

Nilikuwa mtu wa pampu, zamu ya usiku.
Ardhi ya Lusatia ina maji, na makaa hayataki kulowa,
basi nikayanyonya, nikaandika vipimo daftarini
kwa mwandiko ule ulionifundisha wewe.
Asubuhi moja Hańža akateremsha ndoo kisimani.
Ikarudi na mchanga.
“Jurij, kisima kimekufa?”
Nikasema, labda ni kiangazi.
Ilikuwa Machi.

Likaja jitu la chuma, refu kuliko kanisa,
likala shayiri, likala shule, likala barabara ya kwenda shule.
Wafu walihamishwa kwanza, kwa adabu na mihuri:
Baba akazikwa mara ya pili, nyuma ya duka la matairi.
Ninyi mlio hai mkapewa kuta nyeupe
na bustani isiyo na hata mnyoo mmoja.
Mtofaa wako ulibaki. Mizizi haisomi mkataba.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Siku mgodi ulipofungwa, nilizima pampu ya mwisho kwa kidole hiki,
na maji yakaanza kujizoa yenyewe,
polepole, bila haya,
yakapanda na kutu, rangi ya chai iliyolala.

Sasa kuna mashua inayomwaga chokaa
kuyatuliza makali yake.
Kwenye vifusi mbwa mwitu wamerudi, wamezaa;
sikuwaalika, lakini nawasikiliza.
Watoto kutoka Dresden wanaogelea juu ya darasa letu.
Mmoja aliniuliza: babu, ziwa hili ni la tangu lini?
Nikamwambia, mbwa wangu ni mkubwa kwake.
Akacheka. Alidhani natania.

Nimebeba ndoo ya Hańža; aliniachia alipofariki,
bila barua, bila neno.
Nimeiteremsha hapa, palipokuwa na kisima,
ingawa huenda nimekosea, huenda ni zizi la jirani.
Imerudi imejaa pomoni.
Nimeitazama mpaka mikono ikaganda.
Hayanyweki, Mama.
Nimeyarudisha taratibu, nisirushe hata tone,
kama mtu anayemwaga maji ndani ya nyumba ya watu.