Chembe za Mwanatumu

Alinipa siku aliyohamia Singida,
ndani ya kopo la siagi, vijiko vitatu vya chembe
kama vito alivyovikataa sonara.
"Maji, sukari, siku mbili," akasema. "Hazina matata."
Basi likaondoka. Matata yakashuka na mimi.

Wiki ya kwanza yalikuwa maji ya sukari tu.
Siku mbili, tatu, ya nne:
nikionja, sukari; nikitikisa, hata povu la kuniheshimu hakuna.
Shemhilu, mume wangu, ambaye daktari kamkataza soda
na ndiye niliyekuwa nikimchachushia,
akaigonga chupa kwa ukucha:
"Hodi! Wenyewe mpo?"

Nikaanza na maji. Maji yetu ya Makorora
asubuhi nyingine hutoka bombani na dawa yake,
harufu ya shuka za wodini, nami harufu ile naijua,
miaka kumi na tisa nimefua Bombo.
Dawa inayoua kijidudu
haiulizi ni cha heri au cha shari.
Nikayalaza sufuriani usiku kucha, wazi, yapumue.

Wiki ya pili, yai bovu.
Sukari nyeupe nikaipa likizo,
nikaenda Mgandini kununua sukari guru,
nikatia na tende moja, na ganda la chungwa la Muheza.
Tende ikazama, ikaelea, ikazama tena
kama mtu asiyejua kuogelea na anayeona haya kupiga kelele.

Wiki ya tatu, siki.
Kali, ya kutia kwenye kachumbari.
Tukaitia kwenye kachumbari.
Ilikuwa Februari, na Februari ya Tanga haisubiri siku mbili.
Nikaiondoa chupa juu ya friji, penye joto lake la mgongo,
nikaiweka sakafuni, chini ya kitanda, juu ya tambara bichi.
Ile nyingine, ya kizibo cha waya, nikaisahau jikoni.

Saa nane usiku ikapasuka.
Mzee Kilua wa ukuta wa pili akatoka na panga,
taulo kiunoni, akiuliza mwizi kakimbilia wapi.
Nikamwambia ni kinywaji.
Akaangalia vioo, akaniangalia mimi.
"Na mnakinywa?"

Chembe nazo zinapungua.
Nazipima kwa kijiko: vitatu. Viwili na nusu.
Viwili.
Kimoja na chenga.

Nikampigia Mwanatumu. Upepo wa Singida ukaingia simuni kabla yake.
Maji? Nimeyalaza.
Sukari? Guru.
Kijiko? Cha mbao.
Joto? Nimezilaza chini, kama wagonjwa waliozidi vitanda.
Akanyamaza kidogo.
"Unaziosha?"
Naziosha! nikasema, kwa fahari.
Kila asubuhi, mara tatu, mpaka maji yatoke meupe.
"Mara tatu."
Mpaka maji yatoke meupe.
"Shoga, huo utelezi unaousugua
ndiyo nyumba yao."

Sasa mikono hii niipeleke wapi?
Imetoa damu kwenye mashuka, usaha, maji ya uzazi,
haijawahi kukaa karibu na kitu kinachoteleza
kikabaki na utelezi wake.
Siku ile niliikalia, kweli niliikalia, kwenye kigoda,
mpaka vidole vikafa ganzi.
Nikachuja, nikamimina, nikazirudisha vilevile, na uchafu wao.

Siku ya sita tende ikapanda. Haikushuka tena.
Viputo vikafuatana ubavuni mwa kioo, kimoja, kingine,
kama shanga za mtu anayehesabu bila haraka.
Shemhilu akanywa bilauri nzima,
akacheua, akasema samahani,
sijui kaniambia mimi au wao.

Leo asubuhi juu ya maji kuna utando mweupe, mwembamba,
kama ngozi ya maziwa.
Nimeuengua kwa kijiko cha mbao, nikaishia hapo.
Sponji iko karibu na mkono wangu.
Nimeisogeza.
Si mbali sana.